Jina la Kona ya Ihoyo

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na anayesinzia aamshwe na jirani yake. Hadithi hii nilipewa bila mwisho, nami nitawapa hivyo hivyo. Mwisho wake mtautoa ninyi.

Palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Asajile, dereva wa lori, alijaliwa macho yasiyosahau. Barabara aliyoipita mara moja aliweza kukusimulia miaka mingi baadaye, mpaka ukajua daraja liko wapi, kibanda cha mahindi ya kuchoma kiko upande gani, na lami imebomoka mahali gani.

Naelijwa, mhandisi wa barabara, alijaliwa kuuliza. Gari likianguka, wenzake waliuliza, "Nani kakosea?" Yeye aliuliza, "Huyu mtu aliona nini?"

Ediltruda, mjane wa kijiji cha Ihoyo, alijaliwa mikono isiyoacha kazi. Akianza jambo, mvua ingenyesha, jua lingewaka, watu wangecheka, na bado ungemkuta palepale akilifanya.

Sasa sikilizeni yaliyowakutanisha.

Ihoyo ni kijiji cha mlimani, kwenye baridi, kule ambako watu huvaa blanketi mabegani hata mchana. Zamani barabara ilishuka kutoka juu ya mlima, ikapita kando ya kijiji, ikanyooka moja kwa moja hadi kwenye kilima cha ng'ambo, kwa sababu mlima na kile kilima vilishikana. Mume wa Ediltruda, Gaudensi, alikuwa kibarua wa barabara. Alipanda mikaratusi pande zote mbili, safu mbili zilizonyooka, na kila mwaka aliipaka chokaa kwenye mashina ili madereva waione njia. Madereva walimpigia honi wakipita, naye aliwapungia brashi.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha bila kukoma, na pale mlima ulipoungana na kilima ardhi ikaanza kupasuka. Gaudensi akatoka na matawi ya miti kwenda kuzuia magari. Alizuia la kwanza, akazuia la pili. Alipokuwa akiweka tawi la mwisho katikati ya barabara, ardhi yote ikaondoka, na barabara, na Gaudensi juu yake. Watu walimtafuta chini korongoni mpaka wakakata tamaa. Hakuzikwa, kwa kuwa hakupatikana wa kuzikwa.

Ofisi ya barabara ikachonga njia mpya. Ilipofika ukingoni mwa korongo, iligeuka ghafla kushoto, ikaukumbatia mlima hadi kijijini. Mikaratusi ilibaki. Safu ya kushoto ilikatwa kidogo tu, kuipisha barabara mpya. Kwa hiyo miti iliendelea kushuka mistari miwili hadi kwenye ukingo, na kule ng'ambo ya korongo, kwenye kile kilima, mistari ile ile iliendelea kupanda, kana kwamba hakuna kilichotokea katikati.

Na Ediltruda aliendelea kuipaka chokaa, ya huku na ya ng'ambo. Watu walimuuliza, "Mama, unampakia nani?"

"Gaudensi hajarudi," alijibu. "Akirudi, aione njia."

Baada ya hapo magari yakaanza kuanguka.

Hayakuanguka siku za jua. Yalianguka miezi ya baridi, saa za alasiri, ukungu unapopanda kutoka korongoni. Na yalianguka kwa namna iliyowatisha watu. Hapakuwa na mlio wa breki. Watu wa Ihoyo walisikia lori likishuka, injini ikinguruma kama kawaida, halafu wakasikia kimya. Wakienda kutazama, hawakuona alama ya tairi iliyokokotwa. Dereva hakushtuka wala hakukwepa. Aliondoka barabarani kwa utulivu, kama mtu anayeendelea na safari yake.

Wachache waliopona walisema maneno yanayofanana, ingawa hawakujuana.

"Nilikuwa nafuata barabara."

Basi likazuka jambo la kusemwa. Ile barabara ya zamani haijafa, watu walisema. Ukungu ukija, inarudi. Na Gaudensi yuko juu yake, anatafuta magari ya kupita, kwa sababu barabara isiyo na magari inamuuma. Akina mama waliwakataza watoto kulitaja jina lake. Ediltruda alipopita sokoni, wanawake waliacha kuzungumza mpaka apite. Mume aliyekufa akiokoa magari, sasa aliitwa mzimu unaoyavuta magari. Mjane alilisikia hilo, akaenda kukoroga chokaa.

Alasiri moja Asajile alishuka mlima ule na Fuso lake. Pembeni yake alikaa mkewe, Tupokigwe, wanakwenda harusini kwa ndugu zake. Tupokigwe alikuwa akisuka mkeka mdogo wa zawadi, anacheka, anamwambia mumewe asimwaibishe ukweni kwa kucheza vibaya. Ukungu ulikuwa umepanda. Asajile akapunguza mwendo, akawasha taa. Akaona miti myeupe kushoto, miti myeupe kulia, na barabara katikati yake, imelowa, inang'aa. Mbele aliona inaanza kupanda. Akabadilisha gia ajiandae na mlima.

Usukani ukawa mwepesi mikononi mwake, na mngurumo wa tairi chini ukakoma.

Tupokigwe alisema neno moja tu. Alisema, "Baba—"

Asajile alirushwa nje ya mlango, akadakwa na vichaka vya ukingoni. Lori likaenda chini na mkewe.

Trafiki waliandika kwamba dereva alisinzia. Alipowaambia, "Sikusinzia, niliona barabara," waliandika tena kwamba alikuwa amelewa. Wakwe zake walimfungia mlango. Alipotoka hospitali hakurudi kwao Tukuyu. Alirudi Ihoyo, akapanga chumba, na kila ukungu ulipopanda alisimama katikati ya barabara, juu ya kona, akipunga shati lake jekundu kuwasimamisha madereva. Wengine walisimama. Wengine walimtukana wakampita. Watu wakasema dereva yule naye tayari, akili zimebaki korongoni.

Ndipo ofisi ikamtuma Naelijwa, asimike kibao cha "Punguza Mwendo" na kurudi mjini. Kibao cha namna hiyo kilikuwapo tayari. Hiki kingekuwa kikubwa zaidi.

Alipofika kwenye kona, mtu mwenye shati jekundu mkononi alilisimamisha gari lake.

"Dada, usiende na gari. Shuka kwa miguu."

"Kuna nini mbele?"

"Kuna barabara ambayo haipo."

Dereva wa ofisi akacheka. Naelijwa hakucheka. Alishuka, akafunga sweta lake, akasema, "Kaka, niambie uliona nini. Anza mwanzo."

Asajile akalishusha shati lake. Trafiki walimuuliza alikunywa nini. Daktari alimuuliza anaumwa wapi, na wakwe walimuuliza amemfanya nini binti yao. Swali hili lilikuwa halijaulizwa na mtu. Akakaa chini kando ya barabara, akasimulia kila kitu, rangi ya lami, mti ulioinama kidogo upande wa kulia, pale mlima wa ng'ambo ulipoanzia, pale alipobadilisha gia.

Naelijwa akashuka kwa miguu hadi ukingoni. Siku hiyo jua liliwaka. Korongo lilikuwa wazi, kina chake kinatisha, na hakuna mtu mwenye macho ambaye angeliona barabara pale. Wahandisi wengi wangerudi mjini. Yeye akamwambia dereva wake, "Tunalala. Nataka kuuona ukungu."

Ukungu ukaja keshokutwa yake. Naelijwa akaazima lori la mfanyabiashara wa viazi, maana alitaka kuona kutoka pale juu anapokaa dereva wa lori. Akamwendea Asajile.

"Nahitaji uendeshe wewe. Polepole kama mtu anayetembea. Nitakaa pembeni yako."

Asajile akarudi nyuma. Hakuwa amegusa usukani tangu siku ile. "Dada, pembeni yangu pale hapakaliki."

"Mtu mwingine hataona ulichokiona. Wewe unajua pa kutazama."

Alipanda. Akaiwasha injini. Wakaanza kushuka, taa zimewaka, vioo vimeteremshwa, na ukungu ukaingia ndani ukakaa nao kama abiria. Naelijwa alisema, "Ukifika pale unapoona kona inaanzia, simama."

"Bado," akasema Asajile.

Naelijwa alitazama mbele. Korongo lilikuwa limejaa ukungu mpaka juu, sawasawa na barabara, ukungu wa rangi ile ile ya lami iliyolowa. Mashina meupe yalikuja kwake mawili mawili, kushoto na kulia, yakaendelea mbele, mbele zaidi, yakaanza kupanda kilima. Katikati yake ilipita barabara. Aliiona wazi kama mnavyoniona mimi. Kile kibao cha "Punguza Mwendo" kilikuwa huko nyuma na hakikumsaidia kitu, kwa sababu mwendo walikuwa wameshaupunguza.

"Bado," alisema tena Asajile, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Kona bado iko mbali."

"Simama," akasema Naelijwa.

Lori likasimama. Akafungua mlango, akashuka, akatembea mbele ya taa kwa kupapasa kwa mguu. Hatua chache tu, na mguu wake ukakanyaga hewa.

Akajirudisha, akakaa chini. Na akiwa amekaa hivyo, aliona mtu.

Alisimama kwenye mti wa mwisho, pale ambapo ardhi inakwisha. Alikuwa mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na mkono wake ulipanda na kushuka, ukipanda na kushuka. Kule kwenye lori Asajile alikuwa amemwona pia, maana sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtoto: "Ni yeye. Ni Gaudensi."

Yule mtu akageuka. "Nani anamtaja mume wangu?"

Alikuwa Ediltruda. Blanketi lake lilikuwa limelowa chokaa, uso wake umerushiwa chokaa, na mkononi alishika brashi.

"Kamwene, mama," alisema Naelijwa, kwa salamu ya watu wa kule, meno yakigongana.

"Kamwene. Mbona mnakaa ukingoni kama hamna kwenu?"

Basi Naelijwa akamweleza. Hakumficha. Akamwambia mtu hatazami barabara nzima anapoendesha. Hana muda huo. Macho yanaokota vitu vichache, mstari huu, mti ule, na akili inajaza vilivyobaki. Ukungu ukificha korongo, akili inafuata miti, na miti inasema njia imenyooka. Akishagundua, mguu wake hauwezi tena kuwahi breki. "Si ulevi, mama, wala si usingizi. Hata malaika akipewa macho ya binadamu, atapita hapa na kuanguka."

Ediltruda aliitazama ile brashi mkononi mwake. "Unasema ni miti hii?"

"Ni miti hii, mama. Na chokaa."

"Basi ni mimi."

Asajile alikuwa ameshuka kwenye lori, anamtazama mwanamke aliyekuwa akiipaka rangi njia ya kifo cha mkewe, na mjane naye alimtazama. Kisha Ediltruda akapandisha sauti. "Tokeni hapa! Mimi sina kaburi la mume wangu. Kaburi lake ndiyo hii miti. Mnataka nikate kaburi? Tokeni!"

Wakaondoka.

Naelijwa akarudi mjini na michoro. Mkuu wake wa kazi hakutaka kuitazama. "Barabara ni nzima," alisema. "Madereva ndio wabovu. Wapunguze mwendo."

"Walipunguza, mkuu. Nimepita mwenyewe. Tunawajengea barabara watu wasiochoka, wasioona vibaya, wasiokosea. Watu hao hawapo."

"Simika kibao, Mhandisi."

Naelijwa akakataa kusimika kibao. Akaituma michoro makao makuu, bila kupitia kwa mkuu wake, akijua litakalompata. Kisha akasubiri jibu, kwa sababu alitaka kazi ifanyike kwa utaratibu, isije ikabomolewa na mtu kesho yake.

Alipokuwa akisubiri, pikapu ilishuka mlimani kwenye ukungu. Asajile siku hiyo alikuwa kitandani na homa, hapakuwa na shati jekundu barabarani. Ndani alikuwamo mwalimu aliyekuwa anahamia shule ya Ihoyo na vyombo vyake. Hapakuwa na mlio wa breki.

Ediltruda ndiye aliyekuwa karibu. Alishuka korongoni kwa kushika mizizi, akamkuta yule mwalimu bado anapumua, akamwekea kichwa mapajani mwake.

"Pole, mwanangu. Pole. Watu wanakuja."

"Mama," akasema yule mwalimu, "ile miti ilikuwa mizuri. Nikasema, hapa nimefika mahali panapotunzwa."

Hakusema tena. Ediltruda alikaa naye mpaka watu wakafika, na walipomwinua yule kijana waliona chokaa ya mikono ya mjane imebaki kwenye mashavu yake.

Asubuhi kijiji kiliamshwa na shoka. Wakatoka, wakamkuta Ediltruda kwenye mti wa kwanza. Wanaume wakataka kumpokea shoka.

"Nani alipanda?" aliwauliza.

"Mzee Gaudensi."

"Na aliyempakia chokaa?"

"Ni wewe, mama."

"Basi niacheni."

Alikata upande huu mpaka ukingoni. Akazunguka korongo kwa miguu, akakata upande wa ng'ambo. Kila mti ulipoanguka aliuita kwa jina la mumewe, akaomba radhi, akahamia unaofuata. Viganja vyake vilipasuka, akavifunga matambara, akaendelea. Alipomaliza, lile eneo lilikuwa wazi kiasi kwamba watu waliona haya kulitazama. Ediltruda akaingia ndani kwake akalala, na mahali pa kumlilia mumewe hakuwa napo tena duniani.

Makao makuu wakaikubali michoro. Mkuu wa Naelijwa hakumsamehe. Kabla ya tingatinga la kwanza kupanda mlima, Naelijwa alikuwa ameshahamishiwa ghala la mbali, kuhesabu mabomba. Lakini kazi ilifanywa kama alivyochora. Kukata miti peke yake hakutoshi, aliandika. Macho yakiondolewa uongo, lazima yapewe ukweli wa kufuata. Basi mbali kabla ya kona ziliwekwa rasta, yale matuta madogo yanayolitetemesha gari, ili aliyechoka ashtuke mapema, akiwa bado na muda. Nguzo fupi zenye kung'aa zikapandwa zikipinda pamoja na barabara, na vibao vya mishale mikubwa vikafuata, kimoja baada ya kingine, vikielekeza kushoto. Na pale barabara ya zamani ilipokuwa ikielekea, palijazwa tuta kubwa la udongo na mchanga. Atakayekosea pamoja na hayo yote, azame kwenye mchanga, asizame korongoni. Asajile alisimama pale siku zote za kazi, akiwaonyesha mafundi kila nguzo ikae wapi, kwa sababu ni yeye aliyejua pale ambapo macho huanza kudanganyika.

Pasaka ilipokaribia, basi lilishuka mlimani limejaa wanakwaya. Dereva wake alikuwa mgeni wa njia ile, amechoka, hajawahi hata kulisikia jina la Ihoyo. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Kijiji kizima kikatoka kwenye milango, kimya, kikisikiliza injini ikishuka. Bibi mmoja akaanza kusali.

Wakasikia rasta zikinguruma. Wakasikia gia ikirudishwa. Wakasikia breki, taratibu, kwa mara ya kwanza katika ukungu tangu mlima uporomoke. Halafu injini ikageuka kushoto ikaja kwao, na basi likatokea kwenye ukungu, wanakwaya wanaimba.

Dereva akasimama, akateremsha kioo, akashangaa umati.

"Vipi, wazee? Kuna msiba?"

"Hapana, baba," akajibu Asajile. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Pita tu. Umeionaje kona?"

"Kona ipi?" akauliza yule dereva.

Sasa basi. Ofisi ikapata mkuu mpya, naye akataka kona ile iitwe kwa jina la heshima, maana kwenye ramani ilikuwa haina jina, na kwenye midomo ya watu ilikuwa na jina ambalo halifai kutamkwa mbele ya wageni. Akaleta kibao cha chuma, kikubwa, kimepakwa rangi ya buluu, kitupu. Akaleta na mchoraji. Akakiambia kijiji, "Chagueni jina moja. Mawili hayatakaa. Dereva hana muda wa kusoma majina mawili."

Watu wakakusanyika penye kona yenyewe.

Asajile akasimama. "Mimi sitaki jina langu. Nataka paandikwe Kona ya Tupokigwe. Bila macho yangu msingejua kitu. Nililisimulia jambo ambalo kila mtu alilicheka, nikarudi kuliendesha lori pale nilipomwacha mke wangu. Kwao wanaamini nilimuua kwa pombe. Wakipita hapa wakaliona jina lake, watajua hakufa kwa ulevi wa mumewe."

Mzee mmoja akamjibu, "Kweli ulisema. Lakini umekaa hapa miezi na shati lako, na kona iliendelea kuua. Kuona hakukutosha."

Ediltruda akasimama, viganja vyake vina makovu. "Mimi nataka paandikwe Kona ya Gaudensi. Mume wangu alikufa hapa akizuia magari, nanyi mmemwita mzimu. Michoro ingefanya nini, miti ikiwa imesimama? Niliikata mimi. Mliniona. Nilikata kaburi lake kwa mikono yangu ili watoto wa watu wengine wapite. Basi mnirudishie jina lake likiwa safi."

Mwanamke mmoja, dada wa yule mwalimu wa pikapu, aliyesafiri kuja kusikiliza, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nakuheshimu. Ulimshika ndugu yangu mpaka mwisho. Lakini uliambiwa kuhusu miti akiwa bado hai."

Halafu binti wa mwenye lori la viazi akasimama kumsemea asiyekuwapo. "Mbona mnamsahau Mhandisi? Asajile alikuwa na maneno yasiyo na msikilizaji. Mama alikuwa na shoka lakini hakujua la kukata. Aliyeviunganisha ni yeye, na malipo yake ni kufungiwa ghalani. Hakuomba kitu, hata leo hajui kama tunakaa hapa. Andikeni Kona ya Naelijwa. Kila mkubwa atakayepita atauliza huyo ni nani na yuko wapi, na aliyemtupa atalazimika kujibu."

Yule dada wa mwalimu akamgeukia yeye pia. "Mhandisi alijua. Alikanyaga hewa kwa mguu wake mwenyewe. Angeweza kuziba barabara siku ile ile kwa mawe, lakini akangoja karatasi."

"Angeziba, wangezibua kesho yake," akasema binti.

"Huenda. Lakini ndugu yangu alipita katika kungoja huko."

Walibishana mpaka mchoraji akafungua kopo la rangi nyeupe, akaikoroga, akalifunga, akalifungua tena. Asajile alisema pasipo ushahidi wake hakuna lolote. Ediltruda alisema pasipo shoka lake hakuna lolote. Binti alisema pasipo akili ya yule mwanamke kuuliza, ushahidi ungebaki wazimu na shoka lingebaki la kuni. Na wote watatu walisema kweli.

Mwishowe mkuu mpya alisema, "Tumeshindwa. Tumwulize mtu asiye wa hapa, asiyemjua Tupokigwe wala Gaudensi, wala yule mwalimu, asiyekula chumvi ya yeyote kati yetu."

Wakatazamana. Mtu kama huyo hakuwapo pale.

Ndiyo maana hadithi imekuja kwenu. Kibao kimesimama wima, kitupu. Mchoraji ameshachovya brashi, tone la kwanza linaning'inia, naye amegeuza uso kuwatazama ninyi mliokaa hapa. Je, wewe utamwambia aandike jina la nani?